Qute, guta au kirikuu: uchukue kipi kwa mzigo wa mjini?

Binti wa dada yangu anaoka mikate Tabata, Dar es Salaam. Kwa miaka 3 mikate yake imekuwa ikisafiri kwa bodaboda, ndani ya yale masanduku ya plastiki yanayokazwa kwa mpira nyuma ya kiti. Sasa maduka yanayochukua mikate kwake yamepita 30, na asubuhi moja ya masika mvua ikamlowesha mikate 60 kabla haijafika hata Buguruni. Mchana akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Nataka chombo. Mmoja ananiambia guta, mwingine kirikuu, na mimi nimekiona kile kigari cha Bajaj, kama yai, kina matairi manne. Nichukue kipi?"

Guta ni pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kirikuu ni kipikapu kidogo cha Kijapani. Nilimjibu kwa swali: unabeba kilo ngapi? Hakujua. Wengi wanaoniuliza habari za vyombo hawajui, wanajua rangi wanayoitaka. Basi tuanzie hapo, kwa sababu kile kigari kama yai hakieleweki mpaka kwanza upige hesabu ya kilo.

Si gari, si pikipiki

Kigari chenyewe kinaitwa Bajaj Qute. Kilioneshwa Delhi mwanzoni mwa 2012 kwa jina la RE60, na RE ndilo jina la kiwandani la bajaji ya matairi matatu tunayoipanda kila siku. Kwa hiyo ukoo wake unajulikana. Ila kisheria kiliwasumbua wenye nchi yao: si gari, maana ni chepesi mno na injini yake ni ndogo mno, si bajaji, maana kina gurudumu la nne, paa gumu, milango na usukani wa duara. India ilikaa miaka ikibishana, mpaka mahakamani, kabla ya kukubali mwaka 2018 kwamba kuna daraja linaloitwa kwadrisaikeli. Qute ikaanza kuuzwa kwao Aprili 2019, wakati watu wa nje walikuwa wameshaiendesha miaka kadhaa. Mtoto aliyekwenda ugenini kabla ya kupewa jina nyumbani.

Daraja hilo Ulaya lina umri mrefu zaidi, na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 168 ya 2013 imeligawa mafungu mawili. La kwanza, jepesi, chombo kitupu kisizidi kilo 425 na mwendo usizidi kilomita 45 kwa saa. La pili, zito kidogo, kilo 450 kikiwa cha watu, kilo 600 kikiwa cha mizigo, na injini isizidi kilowati 15. Betri za chombo cha umeme hazihesabiwi katika uzito huo.

Soma namba hizo tena polepole. Kirikuu ya kawaida tupu ina uzito wa kilo 700 na ushee. Ukimwambia mhandisi atengeneze chombo cha matairi manne kisichozidi 450, umeshamchagulia kila kitu: bati jembamba, paneli za plastiki, tairi za inchi 12, injini ya pikipiki, wipa moja, na kiyoyozi asikiwazie. Watu huitazama Qute wakasema "wamebana matumizi". Mimi naona wamebana kilo, na bei ikafuata.

Kwa mfano wa Ulaya wa mizigo hasa, kuna Citroën Ami Cargo, inayounganishwa Kenitra, Morocco, hapa hapa Afrika. Ni ya umeme, inakwenda kilomita 45 kwa saa basi, chaji moja ni kama kilomita 75, na mzigo wake ni kilo 140. Ufaransa kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuendesha chombo cha fungu hilo. Kilo 140 kwa muuza unga wa Manzese ni mzaha, lakini kwa mtu anayepeleka barua, dawa na keki katikati ya Paris ni kazi ya siku nzima. Daraja hili lilizaliwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Kilo na nafasi

Turudi Tabata. Qute imetengenezwa kubeba watu wanne, dereva akiwemo. Kwa kadirio la kilo 75 kwa mtu, hiyo ni kama kilo 300. Toa dereva, unabaki na kilo 225 za mzigo. Hiyo ni mifuko minne ya saruji na kidogo. Au madumu 11 ya maji ya lita 20. Ukisikia mtu amepakia mifuko minane ya saruji kwenye Qute na ikaenda, mwamini, imekwenda. Muulize pia shokapu zilikaa miezi mingapi.

Sasa mikate. Mkate mmoja wa gramu 600, mikate 200 ni kilo 120. Kwa uzito Qute inacheka. Shida ni nafasi: mkate ni hewa, na mikate 200 kwenye kreti inataka karibu nusu ya mita ya ujazo, tena kreti zisigandamizane. Injini ya Qute iko nyuma, chini ya eneo la kiti cha abiria, kwa hiyo sakafu ya nyuma haishuki kama unavyotegemea. Kiti cha nyuma kikilazwa au kikatolewa, kreti zinaingia kwa kupangwa na fundi seremala aliyekutengenezea rafu ya kiasi chako. Kreti za kiwandani, zile kubwa za mraba, zinagoma mlangoni. Pima mlango kabla hujapima bodi. Nimeona mtu kanunua chombo, karudi nyumbani, ndipo anagundua kreti lake limezidi mlango kwa vidole viwili.

Guta, au toyo kama wengine wanavyoliita, halina shida hiyo. Ni pikipiki ya Kichina yenye kichanja cha bati nyuma, wazi juu, na chochote kinachopita mbinguni kinaingia: makochi, milango, mbao, matanki ya maji. Kwa mzigo wa kilo 400 au 500 barabara ya tambarare linakwenda bila manung'uniko. Ukitaka kitu kilichofungwa kidogo cha daraja hilo hilo kuna bajaji za mizigo zenye kabini na bodi ya bati nyuma, kama Bajaj Maxima au Piaggio Ape. Wenzetu wa Mombasa wanaijua Ape kuliko sisi, maana tuktuk zao nyingi ni hizo. Ape ni nyuki kwa Kiitaliano, na amekuwa akibeba mizigo tangu 1948.

Kirikuu ndiyo gari kamili kati ya hawa. Suzuki Carry au Daihatsu Hijet, zilizozaliwa ndani ya sheria ya Japani ya magari madogo: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini 660 cc. Bodi yake ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4, na kwa karatasi za Japani inabeba kilo 350. Kwa karatasi za Dar inabeba hata mara mbili ya hapo. Sisemi ufanye hivyo. Nasema ukinunua iliyotumika, jua aliyekutangulia alifanya hivyo, na uchungulie springi za nyuma kabla hujaangalia rangi.

Kwa hiyo kwa kilo peke yake mpangilio uko wazi: guta na kirikuu juu, Qute chini. Kama mzigo wako ni unga, saruji, viazi, soda au mitungi ya gesi, acha kusoma makala hii na ukatafute kirikuu.

Barabara ya ndani

Hapa ndipo Qute inapoanza kujitetea.

Barabara zetu za mitaani, zile za udongo, zimechimbwa mifereji miwili na matairi ya magari. Katikati kunabaki tuta. Gari la matairi manne linapita ndani ya mifereji. Guta na bajaji vina gurudumu la mbele katikati, kwa hiyo wakati matairi ya nyuma yako kwenye mifereji, la mbele linapanda tuta. Kwenye matope ya masika linateleza kushoto, dereva anarudisha, linateleza kulia. Chombo cha matairi matatu kinakanyaga njia tatu, na kila shimo la barabara lina nafasi tatu za kukupata. Muulize yeyote aliyewahi kubeba mayai kwa guta kutoka Kigamboni.

Halafu kuna kona. Matairi matatu yanasimama kwa pembetatu, na ukishika breki huku umekata kona, uzito unakimbilia kwenye ncha nyembamba ya mbele. Ndiyo maana bajaji ikipinduka hupinduka kirahisi, kama kiti cha mguu uliovunjika. Qute ina upana wa mita 1.3, urefu mita 2.75, inageuka ndani ya uchochoro, na gurudumu la nne limemaliza habari ya pembetatu. Kwa mizigo ya kuvunjika, mayai, keki za harusi, chupa za maabara, vioo vya simu, hilo gurudumu moja lina thamani kuliko kilo 200 za ziada.

Mvua na wezi nao wahesabiwe. Qute ina milango inayofungwa kwa ufunguo. Dereva anashuka Kariakoo, anapeleka kreti mbili dukani, anarudi anakuta nyingine zipo. Guta lina turubai na imani. Kirikuu ya bodi wazi nayo ina turubai, ila unaweza kuitengenezea boksi la bati, na wengi wanafanya hivyo; gharama ya fundi iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Lakini Qute usiipeleke Morogoro. Injini yake ni ya 216 cc, nguvu kama za farasi 13 kwa petroli, na ikitumia gesi asilia hupungua hadi karibu 11. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa, nao ni wa tambarare, bila mzigo, upepo ukiwa nyuma. Kirikuu ina karibu farasi 50. Ukiwa na Qute barabara kuu, kila basi linalokupita linakutikisa, na malori ya Tunduma hayana muda wa kujua wewe ni daraja gani.

Kuhusu kugongwa

Hili nalisema bila kulizungusha. Mwaka 2016 shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, liliipima Qute pamoja na kwadrisaikeli nyingine tatu za Kifaransa. Kipimo kilikuwa chepesi kuliko kile cha magari ya kawaida, mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Zile nyingine zilipata nyota 2 kati ya 5. Qute ilipata 1.

Mtu atakwambia, "nyota moja ni bora kuliko bajaji, ambayo haina hata mlango." Hoja hiyo naikubali nusu. Kwa dereva wa guta, ambaye ulinzi wake ni kofia na Mungu, kuingia ndani ya Qute ni kupanda cheo: ana mkanda, ana paa, hapinduki ovyo. Kwa mtu anayetoka kwenye kirikuu hali si hiyo, ingawa nayo kirikuu miguu ya dereva ndiyo bampa, kwa jinsi alivyokaa juu ya tairi la mbele. Hakuna kati ya hivi ninachoweza kukiita salama. Kuna kinachokufaa kwa mwendo wa kilomita 40 ndani ya mji, na Qute imo.

Na tafadhali, watoto wa shule saba ndani ya kigari cha watu wanne, hapana. Breki zake zote nne ni za ngoma na hazikupimwa kwa hilo.

Fundi, mafuta, karatasi

Fundi wa bajaji anaiweza nusu ya Qute. Mafuta ya injini, plagi, klachi, breki, hapo hana wasiwasi, ni ndugu wa RE. Nusu ya pili inamgonga: Qute ina rejeta na maji ya kupoza, na mafuta huingia kwa mfumo wa kompyuta badala ya kabureta. Taa ya injini ikiwaka, fundi wa chini ya mwembe hana mashine ya kuisoma, naye akianza kubahatisha, kila anachokigusa kinakuwa tatizo jipya. Spea za mwili ndizo mtihani mkubwa. Jamaa yangu alivunja kioo cha mbele, akakisubiri wiki sita, kigari kimefunikwa turubai uani kama maiti. Kirikuu, ukisimama mtaa wowote wa spea Ilala, utaipata yote vipande vipande kabla ya saa sita mchana. Guta pia, spea zake hupatikana mpaka vijijini, japo ubora wake mungu anajua.

Kwenye mafuta Qute inalipa kisasi. Kiwanda kinasema kilomita 35 kwa lita. Mjini, na foleni, na mzigo, toa theluthi, bado ni mara mbili ya kirikuu, ambayo kwenye foleni zetu ukiipata kwa 12 au 13 ushukuru. Mzunguko wa mikate wa kilomita 60 kwa siku, kirikuu inakula karibu lita 5, Qute lita 2 na nusu. Zidisha kwa siku 26 za kazi, ni lita 65 kwa mwezi zinazobaki mfukoni. Ipo pia Qute ya gesi asilia, na kwa Dar ambako gesi ya kutoka Songo Songo inauzwa vituoni, kwa karatasi inavutia. Kwa saa hainivutii sana. Foleni za gesi tunazijua, na mikate haisubiri.

Karatasi. Ukinunua Qute, iwe mpya au ya mkononi, dai kuiona kadi kabla ya kutoa hata senti. Soma imeandikwa ni chombo cha aina gani, kwa sababu bima, daraja la leseni ya dereva na kibali cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, vyote vinafuata neno lile lililoandikwa pale. Chombo kilichokaa katikati ya madaraja mawili kinaweza kukupa msuguano na kila askari anayekisimamisha kwa mara ya kwanza, hata kama huna kosa. Kirikuu haina maswali hayo. Yenyewe maswali yake yako bandarini. Gari kuukuu huongezewa ushuru wa uchakavu, basi kabla hujaagiza Japani ingia kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, mtandaoni uone jumla, maana bei ya kwenye tovuti ya muuzaji ni nusu ya hadithi. Msomaji wa Kenya ana mlango mwembamba zaidi: gari lililotumika likipita miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo zile Carry za bei chee za miaka ya 2000 tunazozitumia sisi yeye hana.

Bei zenyewe siziandiki hapa, zinapanda na dola na kesho utanicheka. Mpangilio ndio haubadiliki sana: guta chini, bajaji juu yake, Qute juu ya bajaji, kirikuu ya Japani iliyoshalipiwa kila kitu juu ya wote. Kuuza tena ni habari nyingine. Kirikuu ukitangaza Jumamosi, Jumapili una wateja watatu uani. Qute utamsubiri mtu anayeitaka hasa, na watu hao hawajawa wengi.

Tulichokiamua

Tulikaa sebuleni kwake, tukapima mikate kwenye mzani wa unga. Siku yake kubwa kabisa ni kilo 140. Barabara ya kwake ni ya udongo kwa mita 400, halafu lami. Maduka yote yako ndani ya kilomita 15. Mizigo yake inachukia mvua na inachukia kutikiswa. Anarudi na kreti tupu, na jioni angependa kwenda na chombo hicho hicho kanisani, yeye, mume na watoto wawili, bila kunuka chachu.

Kisha akanikumbusha jambo nililolisahau: unga. Kila wiki anachukua mifuko 10 ya kilo 50 kutoka kwa msambazaji. Nusu tani. Hapo mume wake akasema, "Basi kirikuu, mjomba, yaishe."

Nilikataa. Nikamwambia huwezi kununua chombo cha siku moja ukakilisha siku sita. Tukapiga hesabu ya kukodi kwa safari moja ya unga kwa wiki, tukaiweka kando ya zile lita 65 za mafuta, na ya kukodi ikawa ndogo. Basi tukachagua Qute. Kabla ya kulipa nikamwomba muuzaji aturuhusu kujaribu: tukapakia madumu 7 ya maji, kilo 140 kamili, tukapanda nayo mlima wa Kimara gia ya pili mpaka juu, tukasimama katikati ya mteremko, tukaiondoa tena. Ilikoroma, ikaondoka. Mlango wa nyuma tulishaupima kwa futi ya fundi cherehani, na kreti mpya zikatengenezwa kwa kipimo hicho, si kinyume chake.

Sasa ina miezi minne. Imebadilishwa taa moja na tairi moja, na dereva ni yule yule wa bodaboda, amesoma upya leseni. Unga unaletwa na kirikuu ya jirani, kila Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.